Chanjo ya Nyongeza na Ngozi Isiyogeuka Nyekundu

Karatasi ya maelezo ya chanjo ya UVIKO-19, iwe imechapishwa Nairobi, Dar es Salaam au Geneva, haikosi sentensi hii: mahali ulipodungwa sindano panaweza kuuma, kuvimba na kuwa pekundu. Maumivu kila mtu anayajua. Uvimbe pia. Hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu wengi wetu tunaoisoma karatasi hiyo Mombasa, Kisumu, Tanga au Bukavu tuna ngozi ambayo hata ikiwaka haiwi nyekundu. Huwa ya zambarau iliyokolea, au kahawia yenye giza, au hung'aa tu kwa kuvutwa na uvimbe. Mara nyingine jicho halioni lolote na ni kiganja peke yake kinachohisi joto.

Mwanzoni mwa 2022, Kenya ilipokuwa imeanza kutoa dozi za nyongeza, jirani yangu hapa Mombasa, mwalimu mstaafu, alidungwa chanjo ya Moderna mkono wa kushoto. Siku mbili za kwanza mkono ulimuuma, akameza panadol, ukatulia, akasahau. Ilipopita wiki na siku moja, akiwa anaanika nguo, akasikia muwasho palepale pa sindano. Alipopapasa akakuta eneo gumu, la moto, upana wa kiganja. Ukingo wake ulihisika kwa kidole, lakini alipojitazama kwenye kioo hakuona tofauti ya rangi. Kwenye duka la dawa la jirani kijana wa kaunta alimwambia, "Mama, hiyo sindano imetunga usaha," akamuuzia kapsuli za antibiotiki. Binti yake akampiga picha mkono na kumtumia daktari wa ukoo wao aliye mbali. Jibu likarudi upesi: picha haionyeshi kitu.

Aliyeona ni muuguzi wa zahanati, mama wa makamo. "Shikamoo, mwalimu," akamwambia, akamketisha karibu na dirisha. Hakuanza kwa kutazama. Alimwekea mgongo wa mkono wake kwenye bega la kulia, akautuliza hapo kidogo, kisha akauhamishia bega la kushoto. "Huku kunachoma. Ulidungwa lini?" Alipoambiwa siku, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kukutana na kisa hicho. Akachukua kalamu ya wino, akaisukuma taratibu juu ya ngozi kutoka nje kuelekea katikati mpaka ikakwama kwenye ugumu, akatia nukta. Akarudia pande zote, akaziunganisha nukta kwa mstari. "Ukiona uvimbe umevuka mstari huu, au homa imekushika, uje mbio. Ukirudi ndani ya mstari, ni chanjo tu, mwalimu. Weka kitambaa cha maji baridi." Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umeshajivuta ndani ya mstari.

Muuguzi yule alikuwa anajua jambo ambalo madaktari wa Boston walikuwa wameliandika mwaka mmoja nyuma. Machi 2021, Kimberly Blumenthal na wenzake wa Massachusetts General Hospital walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu wagonjwa 12 ambao mikono yao ilivimba kwa namna hiyohiyo baada ya dozi ya kwanza ya Moderna, wengi wao karibu siku ya nane, wakati maumivu ya kawaida ya sindano yalikuwa yamekwisha. Baadhi ya mabaka yalizidi upana wa sentimita 10. Kwa wengi yaliisha ndani ya takriban siku 6. Wote walitakiwa kurudi kwa dozi ya pili na wakaipata: nusu yao hawakupata kitu tena, watatu walipata kama awali, na watatu wakapata kwa kiasi kidogo zaidi. Watu wa mitandaoni waliliita tatizo hilo mkono wa korona.

Si kwamba lilikuwa limefichwa. Katika jaribio kubwa la Moderna lenye washiriki zaidi ya 30,000, watafiti walirekodi mikono iliyoanza kuleta shida siku ya nane au baadaye: washiriki 244 baada ya dozi ya kwanza, yaani 0.8%, na 68 baada ya dozi ya pili, yaani 0.2%. Ni watu wachache. Lakini mamilioni walipoanza kuchanjwa, wachache hao wakawa umati, na wengi wakaangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kusikia habari hiyo.

Sababu ya kuchelewa inaeleweka kwa sehemu kubwa. Vipande vya ngozi vilivyokatwa na kutazamwa kwa hadubini vilionyesha seli za kinga zikiwa zimeizunguka mishipa midogo ya damu na vinyweleo. Hii ni kazi ya seli T, ambazo huhitaji siku kadhaa kuitambua chanjo, kuongezeka na kufika mahali ilipowekwa. Mtu anayevimba ndani ya dakika chache ana mzio wa aina nyingine kabisa, ule wa hatari, na ndiyo maana vituo vya chanjo huwakalisha watu dakika 15 kabla ya kuwaruhusu kuondoka, na 30 kwa mwenye historia ya mzio mkali. Mabaka yanayotapakaa mwilini dakika hizo, midomo ikivimba, pumzi ikikaza au mtu akipata kizunguzungu, dawa yake ni adrenalini ya sindano pajani, papo hapo. Visa hivyo ni adimu mno. Marekani ilihesabu takriban vitano kwa kila dozi milioni. Mkono wa siku ya nane hauko kwenye kundi hilo, na haumzuii mtu kupokea dozi inayofuata.

Antibiotiki zile za dukani hazikuwa na kazi ya kufanya. Hata Boston ilitokea mikono ya namna hii ikadhaniwa ina maambukizi ya bakteria. Dalili za kutofautisha zipo kwa anayezitafuta. Maambukizi kwa kawaida huuma zaidi ya kuwasha, huendelea kupanuka siku hadi siku, na huja na homa na hali ya kuumwa mwili mzima. Mkono wa chanjo huwasha zaidi, mwenyewe ni mzima, na ukishafikia ukubwa wake hurudi nyuma. Maji baridi, kidonge cha antihistamini na krimu nyepesi ya steroidi kwa siku chache, iliyoandikwa na mhudumu wa afya, vinatosha. Nasisitiza iliyoandikwa na mhudumu wa afya, kwa sababu mijini kwetu krimu za steroidi kali zinauzwa hadharani kama krimu za kujichubua, na mtu mwenye muwasho begani huambiwa na shoga yake apake hiyohiyo anayopaka usoni. Krimu hizo huikondesha ngozi, huichora mistari na kuiachia mabaka ambayo chanjo isingeyaacha kamwe.

Dozi za nyongeza zilileta tatizo jingine ambalo kwa maoni yangu linastahili kuzungumzwa zaidi kuliko mkono wa siku ya nane, kwa kuwa hukaa muda mrefu. Baada ya kampeni ya nyongeza ya mwisho wa 2021, madaktari wa mzio wa Lausanne, katika jimbo la Vaud nchini Uswisi, walianza kupokea watu waliokuwa wakiumuka mabaka ya muwasho mwili mzima. Yalikuwa yameanza takriban siku 10 baada ya sindano, na hayakukoma. Yalichomoza asubuhi mapajani, yakafutika, jioni yakaibuka mgongoni. Yakizidi wiki 6 huitwa mzio sugu wa mabaka. Hesabu ya jimbo hilo, iliyochapishwa Januari 2023, ilionyesha kuwa waliopata nyongeza ya Moderna ndio waliokumbwa zaidi kuliko wa Pfizer, ingawa kwa jumla ya waliochanjwa bado walikuwa kundi dogo. Na hii ni pamoja na kuwa nyongeza ya Moderna ilikuwa nusu ya dozi za awali, mikrogramu 50 badala ya 100. Majira yaleyale kirusi cha Omicron kilikuwa kinasambaa kila kona, na korona yenyewe huleta mabaka kama hayo, kwa hiyo kwa mgonjwa mmoja mmoja ni vigumu kuapa ni kipi kilianza.

Mabaka haya kwenye ngozi nyeupe ni ya waridi yenye ukingo mwekundu. Kwenye ngozi yetu huwa na rangi ileile ya ngozi, au nyeusi kidogo kuzidi ngozi ya pembeni, na kinachoyatoa ni umbo: yameinuka, na ukilaza mwili upande wa taa utaona kivuli cha kila moja. Aliyekaa mbele ya daktari chini ya balbu ya dari, mchana, mabaka yakiwa yamefutika, anaonekana mtu mzima anayejikuna. Huandikiwa dawa ya minyoo au ya upele wa kuambukizana, au huulizwa amebadilisha sabuni gani. Anachohitaji ni antihistamini isiyoleta usingizi, mfano setirizini au loratadini, kila siku bila kuruka, si kungoja mpaka ajikune; na ikishindwa, miongozo ya kimataifa inamruhusu daktari kupandisha dozi hadi mara nne. Piritoni, ambayo ndiyo iliyozoeleka kila nyumba, huleta usingizi mzito. Dereva wa matatu au wa bodaboda anayeimeza asubuhi ili asijikune barabarani anajiweka hatarini, yeye na abiria wake.

Yapo pia mengine, na sitayachambua yote. Upele mdogo mdogo unaofanana na surua hutokea kwa baadhi na kuisha wenyewe. Kwa watu wachache kovu la chanjo ya kifua kikuu, lile tulilopewa tukiwa wachanga, limewahi kuvimba na kuwasha baada ya chanjo ya mRNA. Mkenya huwa nalo chini ya kiwiko mkono wa kushoto, Mtanzania juu ya mkono wa kulia, kwa hiyo anayeliona limeamka mbali kabisa na mahali alipodungwa asishtuke.

Mkanda wa jeshi, hata hivyo, hauwezi kupitwa. Baadhi ya watu walitokewa na ule mstari wa malengelenge yanayochoma upande mmoja wa mwili siku chache baada ya kuchanjwa. Utafiti mkubwa wa Israel wa 2021 kuhusu chanjo ya Pfizer uliona ongezeko dogo. Utafiti wa Marekani uliofuata haukuliona. Kirusi chake ni kilekile cha tetekuwanga, ambacho hubaki kimelala kwenye neva tangu utotoni na kuamka kinga inapotikisika. Lakini hapa kwetu ugonjwa huu una historia yake nzito. Kwa aliyekuwa mtu mzima miaka ya 1980 na 1990, mkanda wa jeshi kwa kijana ulimaanisha UKIMWI, na majirani walihukumu kabla ya kipimo. Mwanamke anayeuona ubavuni mwake wiki moja baada ya chanjo anaweza kuuficha khanga juu ya khanga, wakati dawa ya asiklova hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Saa hizo zinapotea kwa aibu ambayo haikustahili kuwepo. Kupima VVU ni jambo jema wakati wowote. Kukimbilia kumtuhumu mgonjwa ni jambo la kumwacha bila matibabu.

Narudi kwenye rangi. Korona ilipoingia, madaktari wa ngozi duniani walikimbilia kuchapisha picha za vipele vyake. Jenna Lester na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walizikusanya makala 36 zenye picha 130 na kuzipanga kwa kipimo cha rangi ya ngozi chenye madaraja sita, kuanzia nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa. Kwa madaraja mawili ya mwisho, ambamo Waafrika wengi tumo, hawakupata hata picha moja. Sajili ya kimataifa ya athari za ngozi baada ya chanjo, iliyoongozwa na Esther Freeman wa Boston, ilipochapisha taarifa zake za kwanza mwaka 2021 ilikuwa na watu 414. Karibu asilimia 78 walikuwa Wazungu, na asilimia 90 wanawake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Waliochanjwa mwanzo Marekani walikuwa wahudumu wa afya, na walioripoti ni wale ambao athari zao zilionekana kwa urahisi na kupigika picha. Blumenthal mwenyewe aliliona pengo hilo, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakachapisha barua ya pili mahususi kuhusu mikono ya watu wasio Wazungu.

Tatizo linaanza mapema kuliko picha. Katika majaribio ya chanjo, mshiriki hupewa shajara na kifaa cha kupimia, na kila jioni hupima upana wa wekundu mkononi mwake. Kwa kipimo cha mamlaka ya dawa ya Marekani, wekundu wa sentimita 2.5 hadi 5 ni mdogo, hadi 10 ni wa wastani, zaidi ya hapo ni mkali. Mshiriki mweusi ambaye mkono wake umewaka vilevile, ila haukubadilika rangi, ataandika nini kwenye safu hiyo ya shajara? Ataandika sifuri. Uvimbe na ugumu vina safu yao, na hiyo ndiyo afueni, lakini safu ya wekundu ikishajumlishwa na kuchapishwa kama asilimia huonekana kama kwamba mwili wa mtu mweusi haukutikisika. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilitufunza somo hilohilo kwa gharama kubwa. Desemba 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Michigan walionyesha kuwa kifaa hicho kilikosa kuuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Hiyo ni hatari ya kifo, tofauti na muwasho wa bega. Mzizi ni mmoja: kifaa, kitabu na fomu vilijaribiwa kwa ngozi moja, kisha vikapelekwa dunia nzima.

Kukosa kuona kuna madhara yake mtaani. Kwetu wekundu hauonekani, lakini alama huonekana. Ngozi nyeusi ikiwaka, iwe kwa chunusi, kuumwa na mbu au chanjo, huacha doa jeusi ambalo hudumu miezi baada ya uvimbe kwisha. Mtu aliyeambiwa na daktari "hakuna kitu" wakati mkono unawaka, kisha akabaki na doa, atamwamini nani siku nyingine? Atamwamini yule aliyemwambia chanjo zina sumaku, uvumi uliozagaa 2021, kwa sababu huyo angalau alikubali kwamba kuna kitu mkononi. Nimesikia watu wakiulaumu ujinga wa wananchi kwa uvumi huo. Mimi naulaumu ule muda wa kliniki ambao mgonjwa hakuguswa.

Ujuzi wa kurekebisha hili upo hapahapa. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichoko KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa tabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na wanafunzi wake hujifunza kwenye ngozi ya Waafrika tangu siku ya kwanza. London, mwanafunzi wa udaktari Malone Mukwende aliandaa mwaka 2020 kijitabu cha picha kiitwacho Mind the Gap, kikionyesha dalili ileile kwenye ngozi nyeupe na nyeusi ubavu kwa ubavu. Vitu viwili hivi vingewekwa kwenye mafunzo ya siku moja ya wachanjaji kabla ya kila kampeni, na gharama yake ingekuwa ndogo mno ukilinganisha na ile ya kusafirisha chanjo kwenye baridi.

Upande wa taarifa, njia ipo lakini haitumiki inavyopaswa. Kenya, athari za chanjo huripotiwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Tanzania kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nchi zote mbili ni wanachama wa mpango wa Shirika la Afya Duniani ambao hifadhi yake ya taarifa iko Uppsala, Sweden. Tanzania ilijiunga 1993 na Kenya 2010. Maana yake ni kwamba mkono uliovimba Likoni, ukiandikwa vizuri, unaweza kusomwa na mtafiti wa Sweden. Ukiandikwa vizuri ndilo shaka langu. "Wekundu: hapana" haisaidii. Inayosaidia ni hii: joto lipo ukilinganisha na mkono wa pili, ugumu wa sentimita 8, umeanza siku ya nane, unawasha, homa hakuna, chanjo ni ya aina gani, dozi ya ngapi. Na kama ni picha, ipigwe karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni ili uvimbe utoe kivuli, bila taa ya simu, sarafu ikiwa imewekwa pembeni kuonyesha ukubwa, na mkono wa pili upigwe pia.

Kuhusu ile kalamu ya muuguzi. Haikuwa ubunifu wa dakika ile. Ni mbinu ya zamani ya kusoma kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, kile cha Mantoux, ambacho wauguzi wa Afrika Mashariki wamekisoma kwa miongo. Sindano hupigwa, mgonjwa hurudi baada ya saa 48 hadi 72, na kinachopimwa kwa milimita ni ugumu unaohisika kwa kidole. Wekundu, hata kama upo, haupimwi. Waliokiandikia kipimo hicho kanuni waliamua kuamini kidole kuliko jicho, na kwa sababu hiyo kinasomeka sawasawa Oslo na Mombasa.

Chanjo za mRNA hazitaishia kwenye korona. Cape Town tayari kuna kituo cha teknolojia hiyo kwa ajili ya nchi maskini, kilichotangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na kampuni mbalimbali zinazijaribu kwa mafua na magonjwa mengine. Baadhi ya majaribio hayo yatafanyika kwenye ngozi zetu. Kamati za maadili za Nairobi, Kilifi, Ifakara na Dar es Salaam, ambazo hakuna jaribio linaloanza bila sahihi yao, zina uwezo wa kudai jambo moja kabla ya kutia sahihi: shajara ya mshiriki iwe na safu ya joto na safu ya ugumu juu kabisa, na mshiriki afundishwe kutumia kalamu.